Bi Mwanajuma wa Nakala

Siku Lugembe alipomwona Bi Mwanajuma kwa mara ya kwanza, alimpita mara tatu bila kumsemesha.

Ilikuwa Agosti ya mwaka 1974, kwenye stesheni ya Usoke. Lugembe alikuwa ametumwa na baiskeli aende kumpokea karani anayekuja na treni kutoka Tabora mjini. Njia nzima alikuwa akimfikiria karani huyo kuwa mwanamume mwembamba, suruali imepigwa pasi, kalamu mbili kwenye mfuko wa shati. Treni ikaja, ikashusha watu na matenga ya kuku, ikapiga king'ora, ikaenda zake kuelekea Kigoma. Mwenye suruali hakuonekana. Watu walipotawanyika alibaki mama mmoja mnene, umri wake umeshaanza kuelekea uzeeni, amejitanda kanga, mwavuli mweusi kwapani, anamsomea mpagazi mashtaka.

"Sanduku hili lina uso na lina mgongo. Wewe umelilaza kifudifudi. Ungelazwa hivyo wewe, ungefurahi?"

"Mama, hili ni bati tu."

"Na wewe ni nyama tu. Geuza."

Mpagazi akageuza. Lugembe akapita na baiskeli yake akitazama mbali, akarudi, akapita tena. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na miwili, mwenye mke na watoto watano, lakini kuanza kusema na mtu asiyemjua kulikuwa kuzito kwake kuliko kupandisha gunia la mahindi begani. Mara ya tatu yule mama alimnyooshea mwavuli.

"Wewe baba wa baiskeli, mbona unanizunguka kama unataka kunichumbia? Sema haja yako."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Haja yako?"

"Natafuta karani."

"Umempata. Mfungie sanduku lake kwenye keria, na kamba ipite mara mbili."

Wakatembea kwa miguu mpaka Kigongoni, mwendo wa saa tatu, yeye akisukuma baiskeli, Bi Mwanajuma nyuma yake chini ya mwavuli. Walipofika, mama yule alishajua majina ya watoto wote watano, alishajua kwamba Lugembe alisoma mpaka darasa la nne tu, na kwamba alipewa kazi ya kushika tepi na kuandika vipimo kwa sababu ya mwandiko wake mzuri. Lugembe mwenyewe hakukumbuka ni wapi njiani aliposema yote hayo.

Kigongoni palikuwa mahali pa kupita tu siku hizo, lakini zamani, kabla ya reli, njia ya misafara ya pwani ilipita pale ikielekea Ujiji. Wapagazi walilala hapo, wakapika, wakavunja vyungu, wakadondosha shanga. Bwana Kashindye, kijana wa Kisukuma aliyetoka chuo kikuu, alikuwa akichimba ili ajue nani walikaa pale, na walianza lini. Alichimba taratibu, tabaka moja baada ya jingine, na kila kilichoonekana kilipimwa kina chake na kuandikwa kabla hakijainuliwa. Aliwaeleza wafanyakazi siku ya kwanza kwamba ukishachimba tabaka umeliharibu, wala hakuna mwingine atakayelichimba tena. Kinachobaki ni kile ulichoandika.

Na hata mahali penyewe pasingebaki. Kijiji kipya cha ujamaa kilikuwa kikianzishwa karibu, na Kigongoni ndipo palipopangwa shamba la tumbaku la wote. Mwenyekiti wa kijiji alikuja akalisema jambo hilo bila ukali: trekta litaingia Jumamosi ya mwisho ya Oktoba. Kashindye alikubali. Watu lazima walime.

Kwa hiyo madaftari ndiyo yangekuwa Kigongoni, na Kashindye aliyaogopea kama mtu mwenye mtoto mgonjwa. Alikuwa na sababu. Mwaka uliotangulia, huko Ziba, kibanda chake cha nyasi kiliungua na madaftari ya miezi mitatu. Tangu hapo alikuwa akitafuta njia ya kuwa na maandishi mawili badala ya moja. Alijaribu kupiga picha kurasa kwa kamera, lakini filamu ilibidi ipelekwe Dar es Salaam, na kwa joto la hemani ilifika kule imeungua, kila ukurasa ukungu mtupu. Akajaribu karatasi za kaboni. Joto lilizilainisha zikachafua kila kitu, na zilipokwisha, hata Tabora mjini hazikupatikana. Taipu ya kuazima ilikuwa nzito kama kinu na herufi "a" ilikuwa imekatika. Ndipo mtu mmoja mjini akamwambia: kuna mama anaitwa Mwanajuma binti Twalibu, ananakili kwa mkono, na hajawahi kuruka mstari.

"Ulisomea wapi kazi hii, mama?" Kashindye alimuuliza jioni ya kwanza.

"Kwa baba yangu. Alikuwa akinakili vitabu vya msikitini na vya waalimu. Mungu hakumpa mtoto wa kiume, akanipa mimi kalamu. Watu wakamwambia, Twalibu, unamharibu binti. Akawaambia, basi mleteni mwanenu nimharibu yeye. Hawakumleta."

Alikuwa ameolewa mara mbili. Mume wa kwanza walishindwana. Wa pili alikuwa mtu wa reli, mpole, akafa kwa homa mwaka mmoja kabla ya Uhuru. Baada ya hapo aliishi kwa kushona kofia na kuwaandikia watu barua na hati. Siku za kudai Uhuru alinakili orodha ya wanachama wa chama wa mtaa mzima kwenye madaftari mawili, moja akampa katibu, jingine akalifukia kwenye pipa la unga. Askari walipokuja wakachukua la katibu, chama hakikupoteza jina hata moja.

"Unga ulikuwa mchungu mwezi mzima kwa harufu ya wino," alisema, "lakini tulikula."

Hapo hapo akampa Kashindye masharti yake. Nakala hailali mahali pamoja na asili. Moja ikiwa kambini, ya pili iwe mbali, ili moto na mwizi wapate tabu ya safari. Kashindye aliitikia kwa furaha, hayo ndiyo aliyoyataka. Mengine yalimshangaza. Bi Mwanajuma hakukubali nakala yoyote mpaka watu wawili wasomeane, mmoja akisoma asili kwa sauti, mwingine akifuata kwenye nakala kwa kidole. Chini ya kila ukurasa aliandika neno la kwanza la ukurasa unaofuata, ili karatasi zikimwagika mtu aweze kuzipanga hata kama hajui habari zenyewe. Na pale asili ilipokuwa na kosa, alilinakili kosa lenyewe kama lilivyo, akatia nukta tatu pembeni.

"Kwa nini usisahihishe tu?" aliuliza Kashindye.

"Najuaje mimi kama ni kosa? Nilikuwamo shimoni? Mimi naweka nukta. Wewe uliyekuwamo utakuja useme."

Kisha akaiona kalamu ya wino ya Kashindye, zawadi aliyopewa alipohitimu, akacheka mpaka mabega yakatikisika.

"Hii ndiyo unayoandikia? Mwanangu, wino wa maji ni wa kombe. Mwalimu anaandika kwenye sahani, anaosha kwa maji, mgonjwa anakunywa. Ukitaka siku moja uyanywe mashimo yako, endelea nayo."

Yeye aliandika kwa penseli ngumu, iliyochongwa kwa kisu. Kashindye alicheka naye, ila kalamu hakuiacha.

Kazi ikaenda vizuri. Asubuhi Lugembe alishika tepi mashimoni. Alasiri, jua likilainika, alikaa na Bi Mwanajuma kwenye kibanda cha nyasi, akamsomea daftari la Kashindye. Mwanzoni sauti yake ilikuwa ya chini kama ya mtu anayeungama.

"Nani amekufa?" Bi Mwanajuma alikuwa akimuuliza. "Paza sauti. Hizi ni habari za vigae, si za msiba."

Siku zikapita, sauti ikapata mwili. "Shimo la pili. Sentimita sitini. Vigae kumi na viwili, kimoja kina michoro ya mistari." Naye akijibu, "Mistari," kidole kikitembea. Wafanyakazi waliopita na ndoo walizoea kuitikia kwa mzaha, "Mistari!" na Bi Mwanajuma akawafukuza kwa mwavuli. Lugembe alijikuta akizingoja alasiri zile. Nyumbani mkewe alimwambia siku hizi anaongea hata na mbuzi.

Kila Alhamisi alifunga nakala kwenye kitambaa cha nta, akaendesha baiskeli mpaka Usoke, dukani kwa Premji. Premji alikuwa na pipa la chuma la sukari, lenye mfuniko wa kubana, mchwa wala panya hawaingii. Sukari yenyewe haikuwepo. Ilikuwa miezi mitatu haijafika.

"Lete sukari yako, Ndugu Lugembe," Premji alikuwa akisema akifungua mfuniko. "Wateja wakiniuliza nawaambia pipa limejaa, ila ni ya kusoma tu."

Katikati ya Oktoba Bi Mwanajuma akapata homa kali. Lugembe alimbeba kwenye baiskeli mpaka stesheni, na treni ikampeleka mjini, hospitali ya Kitete. Kabla ya kupanda alimshika Lugembe mkono.

"Nakala ni zako mpaka nirudi. Mwombe Bwana Kashindye akusomee."

"Ndiyo, mama."

Lakini hakumwomba. Alisimama mbele ya hema siku mbili mfululizo alasiri, na mara zote mbili akaondoka. Angemwambiaje msomi wa chuo kikuu aache kazi zake akae amsomee yeye, mtu wa darasa la nne? Akaamua kunakili peke yake na kujisomea mwenyewe, kimoyomoyo, kidole kwenye mstari.

Na akiwa peke yake, akaanza kuona makosa. Kashindye siku zile alikuwa akiandika kwa haraka, muda ukiyoyoma. Mahali fulani aliandika "shimo la tatu" wakati yeye Lugembe alijua lilikuwa la nne. Akanakili: la nne. Mahali pengine jumla ya vigae haikukubaliana, akairekebisha. Nukta tatu hakuweka hata moja. Alifikiri kila nukta ingekuwa kama kidole cha mtu wa darasa la nne kikimnyooshea msomi: hapa umekosea, hapa tena umekosea. Aliona haya kwa niaba ya Kashindye. Alitaka daftari litoke safi, kama mtu anavyompangusa mwenzake vumbi begani bila kumwambia.

Kisha akafika kwenye ukurasa wa siku ile aliyompeleka Bi Mwanajuma stesheni, siku ambayo yeye hakuwepo shimoni. Shimo la nne, sentimita tisini na tano: shanga nne za buluu, chini ya tabaka la jivu.

Akasita. Tabaka la jivu lilikuwa kila mahali pale Kigongoni, alama ya moto mkubwa wa zamani, na katika mashimo yote mengine shanga zilionekana juu yake, hazikuwahi kuonekana chini. Kashindye mwenyewe alishawaeleza: juu ya jivu ni siku za misafara, chini ya jivu ni wenyeji wa kale kabla ya mtu wa pwani kufika. Amechoka, akafikiri Lugembe. Ameandika chini badala ya juu. Akanakili: juu ya tabaka la jivu. Alhamisi akapeleka kwa Premji.

Bi Mwanajuma alirudi Jumamosi, amepungua, kanga zinamning'inia, lakini mdomo ni ule ule. Jumanne iliyofuata, saa nane mchana, ikaja mvua ya kwanza ya mwaka, mapema kuliko alivyoitegemea mtu yeyote. Ilikuja na upepo. Ikaling'oa hema la Kashindye, ikaliburuta mpaka kwenye miiba, na daftari lililokuwa mezani likabaki wazi chini ya maji. Walipoliokota, kurasa zote za wiki ya shimo la nne zilikuwa rangi ya samawati, laini kama uji, hazina hata herufi.

Bi Mwanajuma alilishika kwa vidole viwili. Hakucheka. "Kombe limeiva," alisema polepole, kisha akamgeukia Kashindye aliyekuwa ameketi matopeni. "Inuka, mwanangu. Ipo ya pili."

Lugembe aliendesha baiskeli kwenye matope mpaka Usoke na kurudi, na asubuhi ya Jumatano akaiweka nakala mbele ya Kashindye. Kijana yule alimkumbatia mbele ya watu wote. Lugembe hakujua aweke wapi mikono yake.

Kashindye akaketi akasoma. Alipofika shimo la nne alikunja uso.

"Juu ya jivu," alisema. "Ajabu. Mimi nilikuwa nakumbuka zilikuwa chini. Nilishapanga tuchimbe jingine pembeni yake, nihakikishe. Lakini siku ile jua lilinipiga sana, na daftari linajua kuliko mimi." Akafunga. "Basi mashimo yote yanakubaliana. Tufukie, tufunge mizigo. Tukimaliza mapema, trekta lije hata Ijumaa."

Lugembe akageuka akatazama mashimo. Jembe la trekta likishapita, hakuna mtu angejua tena. Kama shanga zile kweli zilikuwa chini, basi watu wa pale, mababu wa mababu zake, walikuwa wakifanya biashara na watu wa mbali kabla ya moto ule, kabla msafara wowote mkubwa haujafika. Na yeye ndiye amelifuta hilo kwa penseli. Akaenda kukunja turubai.

Alasiri Bi Mwanajuma alimwita kibandani. Alikuwa ameshika nakala ile ile.

"Kaa. Nimesoma kurasa zako. Mwandiko mzuri kuliko wangu."

"Ahsante, mama."

"Kurasa kumi na nne, Lugembe. Nimetafuta nukta pembeni. Hakuna. Wiki nzima mtu anaandika juani, mbio mbio, ana njaa, hakukosea hata mara moja?"

Lugembe akatazama miguu yake.

"Mara ngapi umemsaidia?"

"Sijui, mama. Labda saba. Labda nane."

"Na ipo inayokula moyo."

"Shanga," alisema. "Aliandika chini. Mimi nikaandika juu. Nilidhani amekosea, nikaona aibu kumwambia."

Bi Mwanajuma aliiweka nakala chini. Nje mtu alikuwa akigonga udongo kwenye sepetu.

"Mimi pia nilifanya hivyo," alisema. "Nikiwa na miaka kumi na sita, kwenye kitabu cha baba. Niliona neno limekaa vibaya nikalitengeneza. Baba hakunipiga. Alinipeleka kwa mwalimu mwenye kitabu nikamwambie mwenyewe. Nilitembea nyuma yake mtaa mzima nikiomba ardhi ipasuke."

"Twende wote basi, mama. Useme wewe."

"Mimi nitasema nini? Mimi nilikuwa Kitete."

"Atanifukuza."

"Huenda. Watakaokufukuza kwa kusema kweli ni afadhali uwajue mapema. Lakini ukinyamaza hakufukuzi mtu, na Jumamosi trekta linapita. Chagua kabla chai haijapoa, maana mimi nakunywa."

Akamimina chai isiyo na sukari, akampa mgongo, akaanza kuchonga penseli.

Kutoka kibandani mpaka alipokuwa Kashindye hazikuwa hatua hamsini. Lugembe alizitembea kama mtu anayevuka mto asiojua kina chake. Kashindye alikuwa amesimama ukingoni mwa shimo la nne, koleo limeshaanza kurudisha udongo.

"Bwana Kashindye."

"Niite ndugu, kaka Lugembe. Mabwana zetu walishaondoka."

"Usifukie." Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia, wafanyakazi wote wakageuka. "Daftari lako liliandika chini ya jivu. Ni mimi niliyeandika juu. Nilibadilisha. Na mengine nimebadilisha."

Kashindye alimtazama.

"Ulibadilisha," alisema.

"Nilidhani nakutengenezea."

"Kaka, mimi nilikupa wewe kwa sababu..." Akakatiza. Alivua miwani, akaifuta kwa shati lenye matope, ikazidi kuchafuka. "Mengine unayakumbuka?"

"Karibu yote."

"Nenda ukakae na mama muyaandike. Yote. Usilolikumbuka vizuri muandike hamlikumbuki." Akawageukia wenye makoleo. "Acheni kufukia. Tunachimba pembeni, hapa, mita moja kwa moja. Tuna Alhamisi na Ijumaa." Kisha, bila kumtazama Lugembe: "Na kesho asubuhi tepi unashika wewe."

Jioni ile Lugembe na Bi Mwanajuma walipitia kurasa zote kumi na nne. Kila alipokumbuka, mama alirudisha pembeni neno la asili na nukta tatu. Yalifika kumi na moja. Mahali pawili hakuwa na hakika, na pale Bi Mwanajuma aliandika, *mnakili hakumbuki*. Lugembe alitazama kurasa zake nzuri zikijaa madoa ya penseli, akashangaa kuona kwamba kifua chake kimekuwa chepesi.

Alhamisi walichimba mpaka jivu. Juu yake shanga tatu, kama kawaida. Ijumaa wakalikata jivu lenyewe, unene wa kiganja, gumu kama sakafu, halina tundu la panya wala mzizi uliolipenya. Saa sita mchana trekta likafika siku moja kabla, kwa sababu dereva alisikia watu wa mashimo wanafunga. Akazima mtambo, akakaa kivulini mwa gurudumu akimenya kiazi.

"Nyie mnatafuta nini?" alipaza sauti.

"Shanga," Lugembe akamjibu, yeye mwenyewe, bila kutumwa.

"Mke wangu anazo nyingi. Niwaletee?"

"Zake ziko juu ya jivu. Sisi tunataka za chini."

Wafanyakazi walicheka, na Bi Mwanajuma ndiye aliyecheka kuliko wote. Dereva hakuelewa, lakini akangoja.

Saa tisa na nusu, chini ya jivu kwa upana wa vidole vinne, mwiko wa kuchimbia wa Kashindye ukagusa kitu cha buluu. Hakukiinua. Alilala kifudifudi, shavu udongoni, akakitazama. Pembeni yake kulikuwa na cha pili.

"Pima," alisema.

Lugembe akashusha tepi. "Shimo la kumi," akatamka, na sauti yake ikafika mpaka kwa dereva. "Sentimita tisini na nane. Shanga mbili za buluu. Chini ya tabaka la jivu."

"Chini," akaitikia Bi Mwanajuma kutoka ukingoni, penseli mkononi.

"Chini!" wakaitikia wenye ndoo.

Jumamosi trekta liliingia. Kashindye aliondoka na madaftari ya asili kwa treni ya mchana, na nakala zikaenda wiki moja baadaye, kwa njia nyingine. Lugembe hakufukuzwa. Mwaka uliofuata Kashindye alipoanza kuchimba mahali pengine kwenye njia ile ile ya zamani, alimwandikia barua ya mistari mitatu akimtaka aje awe mnakili, na achague mwenyewe wa kusomeana naye. Bi Mwanajuma hakuweza kuja. Homa ile ilikuwa imemwachia miguu mibovu. Alikuwa akifundisha kina mama wa mtaani kwake kusoma, darasa la elimu ya watu wazima, akikaa kwenye kiti huku wao wakimzunguka na vibao vyao.

Mwishoni mwa msimu wa pili Lugembe alienda mjini, akamkuta uani akipepeta mchele. Alikuwa amebeba nakala zote, amezifunga kwenye kitambaa cha nta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hizo ni nini?"

"Nakala. Nimekuletea uzikague."

Aliweka ungo chini, akapokea mzigo, akaupima uzito kwa mikono miwili kama mtu anayepima mtoto mchanga. Hakuufungua. Akamrudishia.

"Mlisomeana?"

"Tulisomeana. Na Kashindye mwenyewe alikaa akanisomea kurasa za mwisho. Mimi ndiye niliyemwomba."

"Basi mimi nikague nini?"

Alimlisha wali na mchicha, akamsimulia vituko vya wanafunzi wake, na jua lilipoelekea kushuka akamsindikiza mpaka mlangoni akijishikiza ukutani. Lugembe alifunga mzigo kwenye keria, kamba ikapita mara mbili, lakini hakuondoka. Alisimama ameshika usukani, kama mtu aliyesahau kitu ndani.

Mwezi wa Ramadhani uliofuata Bi Mwanajuma alifariki, na Lugembe alipata habari dukani kwa Premji baada ya siku nne. Kwa hiyo maneno yale ya mlangoni ndiyo yaliyokuwa ya mwisho baina yao.

"Mama," alimwuliza, "na kama humu pana kosa nisilolijua?"

"Ukilijua utalisema," alijibu Bi Mwanajuma. "Ulishasema mara moja mbele ya watu wote, na mbona hukufa?"